Nimechoka kumtumikia Mungu, lakini naogopa kupumzika

Mpendwa Mchungaji, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mhasibu wa SACCOS moja (chama cha akiba na mikopo) hapa Moshi mjini, nina mke na watoto watatu. Nimezaliwa Machame katika nyumba ya Kilutheri, nimepata kipaimara huko huko, na kwa kuwa ni kitinda mimba, kihamba cha nyumbani, yaani shamba letu la migomba la ukoo, baba ameshanikabidhi. Katika usharika wetu mimi ni mzee wa kanisa. Nakuandikia kwa sababu siku hizi, nikipiga magoti, sijui kama ninampenda Mungu au ninamhofia tu, na hakuna mtu wa karibu ninayeweza kumwambia neno hili bila kuonekana kwamba nimerudi nyuma.

Miaka minne iliyopita nilijiunga na kikundi cha maombi kinachokutana nje ya ratiba ya usharika. Mwanzoni nilipata faida kubwa, kwa maana nilijifunza kuomba na kusoma Neno kwa utaratibu. Baadaye kiongozi wetu alianza kufundisha kwamba kuokoka ni bure lakini kudumu katika wokovu kuna gharama, na kwamba Mungu humpa kila mtu kwa kadiri ya bidii yake. Kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu, nilifungua daftari. Humo naandika saa nilizoomba, siku nilizofunga, sura nilizosoma, sadaka niliyotoa juu ya fungu la kumi, na watu niliowashuhudia. Naamka saa tisa usiku kuomba, nafunga Jumatano na Ijumaa, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi nakesha. Nikikosa, natia alama nyekundu, na juma linalofuata najitahidi kufidia.

Mwaka huu, wakati wa ukaguzi wa hesabu ofisini, nilikuwa nikirudi nyumbani usiku nikiwa sijiwezi, na kwa juma zima sikuamka kuomba. Juma lile lile baba akapatwa na kiharusi. Ni mgonjwa wa shinikizo la damu wa muda mrefu, na mama anasema alikuwa ameacha kumeza dawa kwa sababu alijisikia nafuu; lakini nilipomweleza kiongozi wangu, alinijibu kwamba niliacha mlango wazi na adui akapita. Tangu siku hiyo nimeongeza maombi maradufu, wala sipati amani. Mke wangu anasema nimekuwa mkali. Mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 11, ambaye huwa namwamsha usiku tuombe pamoja, aliniuliza juzi, "Baba, nikilala Mungu ananikasirikia?" Sikuweza kumjibu.

Binamu yangu aliyeko Arusha ananicheka. Yeye anasali mahali wanapofundisha kwamba neema imekwisha kumaliza kila kitu, kwamba Mkristo hahitaji tena kutubu, na kwamba mafundisho yote ya kujitahidi ni kongwa la sheria. Kwa muda nilitaka kumfuata. Lakini huyu binamu alikopa katika chama chetu, akaacha kurejesha, na sasa wadhamini wake wanakatwa akiba zao, mmoja wao akiwa mjane anayeuza ndizi sokoni. Nilipomkumbusha, alisema haishi tena chini ya hukumu.

Naomba unijibu mambo matatu. Je, baba aliugua kwa ajili ya uzembe wangu? Kati ya kiongozi wangu na binamu yangu, nani anasema kweli? Na je, nijiuzulu uzee wa kanisa, kwa kuwa ninawaongoza wengine kwenye amani ambayo mimi mwenyewe sina?

Ni mimi, mzee wa kanisa, Moshi.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Naanza na baba yako, kwa sababu sidhani kama unaweza kusikia neno lingine lolote kabla ya hilo kujibiwa.

Baba yako hakuugua kwa sababu wewe ulilala. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kilichotokea: mzee mwenye shinikizo la damu la muda mrefu aliacha dawa alipojisikia nafuu, na shinikizo lisilodhibitiwa ni moja ya sababu kubwa kabisa za kiharusi. Wagonjwa wengi huacha dawa kwa namna hiyo hiyo, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini muda mrefu bila kuuma. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18, Yesu alikataa wasihesabiwe kuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu (Luka 13:4-5). Mara zote mbili watu walitaka kupata msiba wa mtu mmoja katika daftari la makosa, na mara zote mbili alilifunga daftari hilo mbele yao. Nami nasema wazi kwamba neno ulilojibiwa na kiongozi wako lilikuwa la ukatili, hata kama alilitamka kwa nia njema. Mungu anayempiga mzee wa Machame kwa sababu mwanawe alichoshwa na ukaguzi wa hesabu hafanani na Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo.

Sasa nije kwenye daftari lako, ambalo ndilo kiini cha barua hii.

Paulo, katika Warumi 4, anasema jambo ambalo mhasibu atalielewa upesi kuliko mchungaji: "Lakini kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni." Mtu akifanya kazi kwa mapatano, mwajiri hampi zawadi mwisho wa mwezi; anamlipa anachodaiwa. Kwa hiyo kila ukurasa wa daftari lako unamgeuza Mungu kuwa mdaiwa wako kila ulipotimiza, na kuwa mdai wako kila ulipokosa. Katika mpango wa namna hiyo hakuna mahali pa kupumzika. Hesabu ikitimia, moyo unajivuna. Isipotimia, moyo unatetemeka na kumngojea adui mlangoni. Yule Farisayo aliyepanda hekaluni alikuwa na hesabu iliyotimia, naye aliisoma mbele za Mungu kwa sauti: "Mimi nafunga mara mbili kwa juma, hutoa zaka katika mapato yangu yote" (Luka 18:12). Unaona kwamba anafunga mara mbili kwa juma kama wewe. Bwana hakumlaumu kwa kufunga, kwa maana mahali pengine anawaambia wanafunzi wake jinsi ya kuenenda wafungapo, kana kwamba ni jambo lililo wazi kuwa watafunga. Kasoro ilikuwa katika kazi aliyoipa saumu yake. Aliitegemea imhesabie haki, akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki; na mtoza ushuru, ambaye hakuwa na la kuandika katika daftari lolote, akarudi amehesabiwa.

Wewe ni Mlutheri, basi inafaa ukumbuke kwamba swali lako la kutojua kama unampenda Mungu au unamhofia ndilo lililolizaa kanisa ulimobatizwa. Martin Luther aliingia katika nyumba ya watawa wa Augustino mjini Erfurt mwaka 1505. Alifunga, alikesha, na alikwenda kuungama mara kwa mara na kwa muda mrefu hata aliyemwungamisha, Johann von Staupitz, akachoka naye. Mwaka 1545, ukiwa umebaki karibu mwaka mmoja kwake duniani, aliandika kwamba aliishi utawani bila lawama, na hata hivyo dhamiri yake haikutulia, tena akakiri kwamba hakumpenda yule Mungu mwenye haki anayewaadhibu wakosaji, bali alimchukia. Aliyeandika hivyo hakuwa mvivu wala mwasi. Alikuwa mtu wa bidii kuliko sisi, na bidii hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye chuki. Alipata nafuu alipotambua, kwa kulitafakari neno la Warumi 1:17, kwamba haki ya Mungu ni ile anayompa mtu bure naye huipokea kwa imani. Ulijifunza jambo hili kabla ya kipaimara chako, katika maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani ndani ya Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, pale unapokiri kwamba kwa akili na nguvu zako mwenyewe huwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, na kwamba Roho Mtakatifu ndiye aliyekuita kwa Injili na ndiye anayekushika katika imani. Angalia maneno hayo ya mwisho. Anayekuita na anayekushika ni yule yule. Mafundisho ya kwamba kuokoka ni bure lakini kudumu ni kwa gharama yako yanaugawa wokovu nusu kwa nusu, na Paulo aliwauliza Wagalatia kwa ukali kuhusu mgawanyo huo huo: "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?" (Wagalatia 3:3). Wagalatia hawakuwa wamemkana Kristo. Walikuwa wamemwongezea kitu.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya Wajerumani wa kale. Katika miaka ya 1928 na 1929 njaa kubwa iliipiga Rwanda, na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa katika hospitali ya misheni huko Gahini, alihudumia wenye njaa na wagonjwa hadi akaishiwa nguvu za mwili na za roho pia. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, na huko akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, wakakaa pamoja wakisoma Maandiko na kuomba. Hakupewa ratiba mpya ya kujitahidi zaidi. Alikutana na ndugu aliyekuwa na kiu kama yake, wakarudi pamoja kwa Yesu wakiwa watupu. Katika Uamsho uliofuata, ambao ulienea Uganda, Kenya na hata kwetu Tanganyika, watu walisimama wakaungama waziwazi, wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyokuwa wameyakana. Church naye alirudi kwenye wagonjwa wale wale na kazi ile ile. Nakutajia habari hii kwa sababu inamjibu kiongozi wako na binamu yako kwa pamoja: matunda yalikuja, tena mengi, lakini yalikuja kwa watu waliokwisha kupokelewa.

Binamu yako ameshika neno la kweli akaliondolea uti wa mgongo. Kwamba Kristo amemaliza ni kweli. Lakini Paulo, yule yule anayeitetea neema kuliko mtu mwingine yeyote, anamwandikia Tito kwamba neema hiyo "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia" (Tito 2:12), nayo neema isiyomfundisha mtu kumlipa mjane akiba yake siyo neema ambayo Paulo aliihubiri. Kumbuka nyumba ya Zakayo. Yesu aliingia kwanza, akajialika mwenyewe, huku watu wakinung'unika kwamba ameingia kwa mwenye dhambi. Na baada ya kupokelewa hivyo, bila kudaiwa senti, Zakayo akasimama akasema atarudisha mara nne. Kama Zakayo angebaki na fedha za watu huku akisema haishi chini ya hukumu, tungeshuku kama mgeni wake aliingia kweli. Mwambie binamu yako hivyo kwa upole. Katika chama chenu usimkingie kifua. Fuata utaratibu wa mikopo kama kwa mwanachama mwingine yeyote, kwa maana huruma kwake isiwe dhuluma kwa wadhamini.

Umesema baba yako amekukabidhi kihamba. Hukukinunua, na hakuna jembe ulilolipiga lililokufanya uwe mwana. Ulikuwa mwana kabla hujajua kushika jembe. Hata hivyo unapalilia migomba, unaweka samadi, unazibua mfereji zamu yako ikifika, na ukiacha, kihamba kitageuka pori na watoto wako watakosa ndizi, ingawa utaendelea kuwa mwana. Binamu yako amepewa kihamba akaamua kwamba kupalilia ni kumtukana baba. Wewe umepewa kihamba, na kila jioni unampelekea baba hesabu ya palizi ukiomba asikufukuze. Nina hakika baba yako wa Machame angelia kama ungemfanyia hivyo. Yule ndugu mkubwa katika Luka 15 alifanya kazi shambani kwa baba yake akiwa na moyo wa mtumwa, akahesabu miaka na mbuzi asiopewa, na jibu alilopata lilikuwa, "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako."

Kwa hiyo sikuambii uache bidii. Paulo anaandika, "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka," na bila kupumua anaeleza sababu: "Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu" (Wafilipi 2:12-13). Yeye mwenyewe anasema alizidi sana kufanya kazi kupita mitume wote, kisha anaongeza kwamba si yeye, bali ni neema ya Mungu pamoja naye (1 Wakorintho 15:10). Watu wengi husoma mistari hii kana kwamba inagawana kazi, Mungu akifanya sehemu yake na sisi yetu. Mimi naiona inasema kwamba bidii yetu nzima ni zao la kazi yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuchoka mwili katika utumishi akalala usingizi mzuri, na mwingine akafanya nusu ya kazi hiyo akawa mgonjwa wa roho. Uchovu wako, mwanangu, hautokani na wingi wa maombi peke yake. Umekuwa ukijaribu kulipia kitu kilichokwisha kulipwa.

Nikushauri mambo ya kufanya. Lifunge daftari, na usilifungue tena hata kwa nia ya kuona umeendeleaje bila daftari. Kwa miezi mitatu usiamke saa tisa. Lala hadi asubuhi, uombe mkiwa pamoja na mke wako kabla ya kwenda kazini, hata kama ni Sala ya Bwana na zaburi moja. Ukitaka kufunga, funga siku moja, bila kuiandika, na chakula ulichoacha kiliwe na mtu mwenye njaa, kama Isaya 58 inavyoagiza. Ile Ijumaa ya mkesha panda Machame ukae na baba yako. Hakikisha dawa zake zinamezwa kwa saa zake, msaidie mazoezi aliyoagizwa hospitalini, mpumzishe mama yako usiku mmoja. Sioni mkesha ulio bora kuliko huo, lakini naomba usiugeuze nao kuwa malipo ya lile juma ulilolala.

Kisha mwendee mchungaji wa usharika wako umwombe maungamo ya faragha, ambayo kanisa letu linayo ingawa wengi wameyasahau. Utasema unayoyasema, naye atakutamkia msamaha kwa jina la Yesu. Wewe ni mtu ambaye kwa miaka minne umekuwa mwungamaji, hakimu na karani wa kesi yako mwenyewe. Unahitaji kusikia hukumu ya kuachiliwa kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Na utakapokuja mezani pa Bwana, tazama kwamba mikono inayopokea mkate ni mitupu.

Kuhusu kikundi kile, nakushauri uondoke. Muage kiongozi kwa heshima, mshukuru kwa yale mema aliyokufundisha mwanzoni, na umweleze kwa nini neno alilokuambia juu ya baba yako halikuwa la Injili. Huenda naye anabeba mzigo ule ule aliokutwika, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kuutua.

Mtoto amekuuliza swali na bado anangoja. Mjibu leo, kabla hajalala. Mwambie, "Hapana, Mungu hakukasirikii ukilala," na umsomee Zaburi 127, pale inaposema kwamba ni bure kuamka mapema na kukawia kwenda kulala, kwa maana yeye "humpa mpenzi wake usingizi." Umwambie pia kwamba baba alikuwa amekosea kumwamsha kwa namna ile. Hatakudharau kwa hilo, na atakapoanza mafundisho ya kipaimara, yale atakayosoma juu ya neema yatakuwa yanafanana na kitu alichokiona nyumbani. Katika barua yako yote hili ndilo lililonigusa zaidi, kwa kuwa mtoto wa miaka 11 hutengeneza sura ya Mungu kwa kumtazama baba yake, na sura hiyo akishaikamilisha ni kazi kubwa sana kuibadilisha.

Uzee wa kanisa usijiuzulu. Ukijiuzulu sasa, utaandika alama nyingine nyekundu. Mweleze mchungaji wako hali yako, umwombe akupunguzie zamu kwa ile miezi mitatu, na Jumapili ukae kwenye benchi na mke wako na watoto kama washarika wengine. Ikiwa baada ya hapo utaona kwamba huduma hiyo bado unaifanya kwa hofu, niandikie tena tuizungumze.